Kiptum: tanzia tumeandika, wasifu tunadaiwa

Mtu akifa kijana, maneno ya kumlilia huwa yameshapanga foleni. Nyota imezimika. Ua limekatwa kabla halijachanua. Pengo aliloacha halizibiki. Usiku wa Jumapili, Februari 11, 2024, gari alilokuwa akiliendesha mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, Kelvin Kiptum, lilipoacha barabara karibu na Kaptagat, likaingia mtaroni na kugonga mti, maneno hayo yalitoka yote kwa mkupuo, redioni na magazetini, na siku 12 baadaye yakarudiwa na wakubwa waliokwenda kumzika. Alikuwa na miaka 24. Kocha wake, Mnyarwanda Gervais Hakizimana, alifia humo humo. Siku 5 kabla ya hapo, Jumanne ya Februari 6, Shirikisho la Riadha Duniani lilikuwa limeidhinisha rasmi rekodi yake ya dunia ya marathoni. Na miezi 2 mbele, Aprili 14, alikuwa akimbie Rotterdam, kambi yake ikiwa imekwisha kutangaza kwamba anakwenda kujaribu kumaliza marathoni chini ya saa 2. Hapo ndipo kumbukumbu yetu ilipokwama. Tangu siku hiyo, mara nyingi anapotajwa Kiptum, hutajwa kwa mbio ambazo hakukimbia.

Nasema kwamba kumkumbuka hivyo ni kumpunja. Kinachostahili kubaki ni namna alivyokimbia zile alizokimbia, kwa sababu namna hiyo ilikuwa yake, inapimika kwa saa, na mtoto wa darasa la saba anaweza kuielewa akielezwa vizuri. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayotusaidia hapa. Tanzia hutangaza kifo. Haihitaji kumjua marehemu. Inahitaji jina, umri, sababu ya kifo, mahali pa maziko, na mapambo ya huzuni yanayomfaa yeyote. Ukiondoa jina la Kiptum katika nyingi ya tanzia za Februari ile ukatia la kijana mwingine, hakuna sentensi itakayoyumba. Wasifu ni kazi nyingine. Neno lenyewe lina undugu na sifa, na sifa ndiyo inayomtenga mtu na mwenzake. Shaaban Robert alipomwandikia Siti binti Saad wasifu hakuishia kulia kwamba sauti imenyamaza. Alitupitisha katika maisha ya mwanamke wa Unguja aliyeanza kwa kutembeza vyungu, hata msomaji asiyewahi kusikia santuri zake akajua ni nani aliyekuwa akiimba. Kiptum ameandikiwa tanzia za kutosha. Deni lililobaki ni la wasifu, na wadaiwa ni sisi.

Ili kuona alichokifanya, lazima kwanza kueleza kitu ambacho watangazaji hukirukia wakidhani kila mtu anakijua. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, lakini ukiitazama kwa makini ni mbio mbili zilizoshonwa pamoja. Ya kwanza huishia karibu na kilomita ya 30. Hadi hapo mwili hutegemea zaidi akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini, na akiba hiyo ina mwisho. Ikikauka, mwili hugeukia mafuta, ambayo hutoa nguvu polepole, na miguu iliyokuwa ikiruka inaanza kuburuzwa. Wakimbiaji wanapaita hapo ukutani. Hekima ya siku zote katika mchezo huu imekuwa kufika ukutani ukiwa na nafasi nzuri, kisha kuvumilia hadi mwisho ukiomba wenzako waumie zaidi yako. Hata mabingwa huvumilia. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:09 mjini Berlin mwaka 2022, nusu ya kwanza aliimaliza kwa dakika 59 na sekunde 51, na nusu ya pili ikamchukua dakika 61 na sekunde 18. Alipungua kasi kwa karibu dakika moja na nusu, na bado hapakuwa na binadamu aliyewahi kukimbia mbio rasmi kwa muda huo.

Kiptum aliigeuza hesabu hiyo juu chini. Desemba 4, 2022, mjini Valencia, Hispania, katika marathoni yake ya kwanza maishani, alikimbia nusu ya kwanza kwa 61:38 na ya pili kwa 60:15, akamaliza kwa saa 2:01:53. Hakuna aliyewahi kuanza marathoni kwa muda kama huo, na ni Kipchoge na Kenenisa Bekele peke yao waliokuwa wamekimbia kwa kasi zaidi. Nyuma yake alifika Gabriel Geay wa Tanzania kwa saa 2:03:00, ambayo ilikuwa rekodi mpya ya taifa. Siku nyingine yoyote muda huo ungeandikwa kwa herufi kubwa kurasa za mbele, lakini siku hiyo ulimezwa. Wa nne alikuwa Tamirat Tola wa Ethiopia, bingwa wa dunia wa mwaka ule. Miezi minne na ushei baadaye, Aprili 23, 2023, London ikiwa imelowa mvua, alikimbia nusu ya kwanza kwa 61:40, akaonekana mtu wa kawaida miongoni mwa mabingwa, kisha nusu ya pili akaimaliza kwa 59:45. Muda wake ulikuwa saa 2:01:25, sekunde 16 tu nje ya rekodi ya dunia. Geoffrey Kamworor, aliyekuwa wa pili, alifika dakika 3 kasoro sekunde 2 baadaye. Oktoba 8 ya mwaka huo huo, Chicago, nusu ya kwanza ilikuwa 60:48 na ya pili 59:47. Saa 2:00:35. Alikuwa mtu wa kwanza kukimbia marathoni rasmi chini ya saa 2 na dakika 1.

Chicago inastahili kutazamwa kwa karibu. Alipofika kilomita ya 30, saa ilisoma 1:26:31. Mkimbiaji mwenzake, Daniel Mateiko, alikuwa amekwenda naye bega kwa bega sehemu kubwa ya safari, na hadi hapo wastani wa kila kilomita ulikuwa kama dakika 2 na sekunde 53. Hapo, mahali ambapo mwili wa kila mkimbiaji unadai kupumzika, Kiptum aliongeza mwendo. Kilomita 5 zilizofuata alizimaliza kwa dakika 13 na sekunde 51. Kwa anayejua uwanja wa shule, hiyo ni mizunguko 12 na nusu ya mita 400, kila mzunguko kwa sekunde 66 na nusu, bila kusimama, mtu akiwa ameshakimbia kilomita 30 asubuhi hiyo hiyo. Mateiko alibaki nyuma, na hakumaliza mbio. Kilomita 5 nyingine Kiptum alizikimbia kwa 14:01. Kilomita 2 na mita 195 za mwisho zilimchukua dakika 6 na sekunde 12, naye akiwa peke yake barabarani, huku akiwanyooshea kidole watazamaji waliojaa pembeni na kuwarushia mabusu. Mtu aliyefika ukingo wa nguvu zake hana mkono wa kurushia mabusu. Sitaki kuupitisha upesi mkono huo, kwa sababu unaeleza kitu ambacho takwimu zinakikaribia tu: kwake, kilomita ya 30 ndipo mbio zilipoanzia.

Namna hiyo ilikuwa na chimbuko. Kiptum alizaliwa Desemba 2, 1999, Chepsamo, eneo la Chepkorio katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hakizimana, mkimbiaji wa zamani wa Rwanda aliyekuwa akija kufanya mazoezi katika misitu ya huko, alisimulia kwamba alimfahamu angali mtoto wa kuchunga mifugo, peku, akiwafuata wakubwa kwa nyuma walipopita karibu na shamba la kwao. Baba yake alitaka asomee ufundi wa umeme. Yeye alitaka kukimbia. Katika mashindano yake makubwa ya kwanza ya nyumbani, mwaka 2018, alikimbia na viatu vya kuazima. Halafu likaja janga la korona mwaka 2020, mipaka ikafungwa, Hakizimana akakwama Kenya, na wawili hao wakapata mwaka mzima wa mazoezi ya msituni bila mashindano ya kuwababaisha. Sidhani kama kuna mahali pengine ambapo janga lile liliacha kitu chema cha wazi kuliko hapo.

Lakini jambo ninaloona limesahauliwa kabisa ni kwamba Kiptum hakutoka uwanjani. Paul Tergat, Haile Gebrselassie, Bekele na Kipchoge, wanne walioshika rekodi au kuikaribia kabla yake, walikuwa na medali za dunia au za Olimpiki katika mita 5,000 au 10,000 kabla ya kuhamia barabarani. Kwa wengi ilikuwa kama sheria isiyoandikwa: kijana afunzwe kasi uwanjani, akikomaa miguu ikapoa, apelekwe marathoni. Kiptum alijijengea jina barabarani. Nusu marathoni ya Lisbon mwaka 2019 aliikimbia kwa dakika 59 na sekunde 54, ya Valencia mwaka 2020 akashika nafasi ya sita kwa 58:42, na kutoka hapo akaingia marathoni akiwa na miaka 23 kamili tangu siku mbili zilizotangulia. Mazoezi yake, kwa maelezo ya Hakizimana, yalikuwa kilomita 250 hadi 280 kwa wiki, na ziko wiki zilizopita 300. Hiyo ni karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Eldoret kwa miguu, wiki baada ya wiki. Mtu aliyefunza miguu yake kufanya kazi ikiwa imechoka kila siku ya Mungu, akifika kilomita ya 30 Chicago, anakutana na hali anayoijua. Kwa kijana wa kijijini ambaye ana barabara ya vumbi na hana uwanja wa kisasa, habari hii ina uzito kuliko saa 2 zote za Rotterdam. Inamwambia kwamba ipo njia nyingine, na mtu wa kwao aliipita.

Atakayepinga ataanza na idadi. Mbio 3 ni chache mno, atasema. Mtu hajengewi sifa ya kudumu kwa mbio 3, na ndiyo maana watu hukimbilia kuzungumzia angekuwa nani. Ni kweli ni chache. Kutoka Valencia hadi Kaptagat ni miezi 14 na wiki moja tu. Lakini uchache unadhoofisha hoja pale ushahidi unapogongana, na huu haugongani. Miji ilikuwa mitatu, hali ya hewa ilikuwa tofauti, wapinzani walibadilika, na kila mara nusu ya pili ilikuwa ya kasi kuliko ya kwanza: kwa dakika 1 na sekunde 23, kwa dakika 1 na sekunde 55, kwa dakika 1 na sekunde 1. Bahati haina tabia ya kurudi mara 3 mfululizo ikiwa imevaa nguo ile ile. Na anayesema ni viatu vya siku hizi, vyenye sahani ya kaboni na soli nene, akumbuke kwamba waliomaliza nyuma yake dakika 2 na 3 nao walikuwa wamevaa vya aina hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mipango ya mtu ni sehemu ya maisha yake, na mpango wa Rotterdam ulikuwa wa Kiptum mwenyewe na kocha wake, haukubuniwa na mashabiki. Kwa nini basi tuufute? Sisemi tuufute. Wasifu wa kweli utautaja, kama utakavyotaja viatu vya kuazima. Ninachokataa ni kuugeuza mpango kuwa tendo, kisha kulilia tendo hilo kana kwamba lilikuwa tayari mkononi likanyang'anywa. Sekunde 36 alizohitaji si jambo la kukadiria kwa kidole. Kipchoge, kwa nguvu zake zote, alitumia miaka 4 kupunguza rekodi yake kwa sekunde 30, kutoka 2:01:39 ya mwaka 2018 hadi 2:01:09. Kiptum alipunguza 34 kwa siku moja, naam, lakini kila sekunde inayofuata ni ghali kuliko iliyotangulia. Na mwili nao una sauti yake. Hakizimana mwenyewe alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba anahofia mwanafunzi wake ataumia, kwamba amemshauri apunguze mazoezi naye hataki, na kwamba kwa mwendo ule huenda baada ya miaka 5 akawa amekwisha. Aliyemfahamu kuliko sote hakuwa na uhakika na kesho hiyo tunayoililia. Huenda angevunja saa 2. Huenda goti lingemsaliti mwezi Machi. Hatuna haki ya kuchagua moja tukaiandika juu ya kaburi lake huko Naiberi.

Kuna tena ubaya mwingine wa neno angekuwa: linawadhulumu walio hai. Agosti 10, 2024, marathoni ya Olimpiki ilikimbiwa Paris, njia ikiwa na vilima vikali. Kiptum alikuwa katika orodha ya awali ya Kenya, na siku ile ilikuwa rahisi kusema kwamba dhahabu ilikuwa yake. Aliyeshinda ni Tola, yule yule wa nne wa Valencia na wa tatu wa London, aliyeingizwa katika timu ya Ethiopia akitokea akiba baada ya Sisay Lemma kuumia. Alimaliza kwa saa 2:06:26, rekodi ya Olimpiki. Kiptum alimshinda mara 2, ndiyo. Kwenye njia tambarare, zenye wawekaji kasi wa kuongoza mbio. Vilima vya Paris hakuvikimbia kamwe. Kumvua Tola medali kwa maneno ili kumvika marehemu hakumwongezei marehemu kitu.

Rekodi ile ya Olimpiki aliyoivunja Tola, kwa sekunde 6 tu, ilikuwa imekaa miaka 16. Mwenyewe alikuwa Samuel Wanjiru, na hapa nataka kukaa kidogo, maana kisa chake kinaonyesha hatari ninayoisema. Agosti 24, 2008, katika joto la Beijing, ambapo wote walitarajia mbio za kuviziana, Wanjiru alitoka na kasi kana kwamba anakimbia kilomita 10, akawachosha wote, akashinda kwa saa 2:06:32. Alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya marathoni, akiwa na miaka 21. Kabla yake marathoni za Olimpiki zilikuwa za subira. Baada yake, kila aliyejipanga kwa subira alijua yupo anayeweza kuja kuivuruga. Mei 2011 alifariki nyumbani kwake Nyahururu katika mazingira yenye utata, akiwa na miaka 24. Leo ukilitaja jina lake mbele ya watu, mazungumzo huenda moja kwa moja usiku ule wa Nyahururu: nani alikuwepo, nani alisema nini, nani alirithi nini. Beijing inakuja baadaye, ikija. Kifo kimekula mbio. Kwa Kiptum nako zilianza simulizi za nani alimtafuta na gari lilitoka wapi, na zikipewa nafasi zitamaliza kazi ile ile.

Wamarekani walikuwa na kijana wao wa miaka 24, na wakafanya tofauti. Steve Prefontaine wa Oregon alikufa kwa ajali ya gari mjini Eugene, Mei 30, 1975. Hakuwahi kushika rekodi ya dunia, wala hakupata medali ya Olimpiki. Katika fainali ya mita 5,000 ya Munich mwaka 1972 alijitoa mbele zikiwa zimebaki kama mita 1,600, akawaburuta wenzake, kisha Lasse Viren na wengine wawili wakampita, akawa wa nne. Kwa vipimo vya kabati la medali alikuwa chini kabisa ya Kiptum na Wanjiru. Hata hivyo watoto ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa alipokufa wanajua alivyokimbia: mbele, tangu mwanzo, akikataa kungoja. Mashindano yenye jina lake hufanyika Eugene hadi leo. Huko nako wapo waliouliza angefanya nini katika Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, lakini swali hilo halikukalia kiti cha mbele. Walishika namna yake, na namna ndiyo imedumu.

Liko pingamizi ambalo watu hulitoa kwa sauti ya chini. Riadha ya Kenya imetiwa doa na dawa za kusisimua misuli. Wanariadha wengi wamefungiwa miaka ya karibuni, wakiwemo wenye majina makubwa. Je, ni busara kumjengea mtu sifa kwa takwimu katika zama kama hizi? Swali ni halali, na kulijibu kwa hasira kungekuwa kumvunjia heshima marehemu. Jibu ni kwamba rekodi ya dunia haiidhinishwi bila mwanariadha kupimwa, na ya Chicago iliidhinishwa. Hakuna kipimo chake hata kimoja kilichotangazwa kuwa na kasoro. Shaka inayomwangukia mtu kwa sababu ya alikozaliwa haina tofauti na uvumi. Asiyeweza tena kujitetea anastahili tusimame kwenye ushahidi uliopo.

Wengine watasema kumbukumbu yenye faida ni ya ajali yenyewe. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na Kenya hupoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka. Bonde la Ufa lilikwisha kumzika mwanariadha mwingine kijana kwa sababu hiyo: Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi mwaka 2015, aliyefariki Nandi Agosti 2018 akiwa na miaka 28. Barabara zirekebishwe, mwendo wa usiku upunguzwe, na kama jina la Kiptum litasaidia kumfanya dereva mmoja akanyage breki, litumike. Ila ajali si sifa yake. Imewaua maelfu kwa namna ile ile, na kila mmoja wao anastahili barabara salama bila kusubiri bingwa afe kwanza. Tukimfanya Kiptum kibao cha tahadhari, tumemrudisha kwenye tanzia kwa mlango wa nyuma.

Na familia je? Aliacha wazazi, mke na watoto wawili wadogo. Wao hawakupoteza rekodi, wamepoteza mtu. Kwao sauti yake nyumbani ina thamani kuliko kilomita zote za Chicago. Hili sina jibu nalo, wala halihitaji jibu, kwa sababu msiba wa nyumbani ni wa nyumbani. Sisi wengine hatukumjua akiwa baba wala mtoto. Tulichopewa sisi ni mbio zake, na tukitaka kuomboleza kwa uaminifu tuombolezee kile tulichokijua.

Mbio hizo zipo, zimerekodiwa zote 3 mwanzo hadi mwisho. Valencia ni saa 2:01:53, London saa 2:01:25, Chicago saa 2:00:35. Ukijumlisha, marathoni zote za maisha yake zilichukua saa 6, dakika 3 na sekunde 53. Zinaenea katika alasiri moja ya Jumapili. Atakayeanza na Valencia saa 7 kamili mchana atamwona kijana asiyejulikana akimpita bingwa wa dunia. Chai ya jioni itamkuta London, katikati ya mvua. Na taarifa ya habari ya saa 1 ikianza, Kiptum atakuwa katika kilomita zile 2 za mwisho za Chicago, hana mtu mbele wala nyuma, mkono mmoja ukiwa juu.